Taa Isiyolala

“Mwanangu, taa ya ukumbini hailali.”

Mama alinieleza hivyo kwa simu usiku mmoja. Nilimuuliza ana maana gani. Akasema akishazima swichi na kwenda kitandani, akiamka baadaye kunywa maji huikuta taa ina jicho: mwanga hafifu, kama wa kaa lililofunikwa majivu. Haimuliki kitu, lakini haijazimika. Mimi nilikuwa na shughuli zangu, nikamjibu kwa haraka: “Mama, taa hizi mpya ndivyo zilivyo. Hazina neno.”

Kumbe zilikuwa na neno. Miezi michache baadaye mpwa wangu, kijana wa miaka 17, alirudi kutoka hospitali mkono wake wa kulia umefungwa plasta ngumu. Alikuwa amepigwa na umeme akibadilisha taa ambayo swichi yake ilikuwa imezimwa. Mungu alimsitiri. Alianguka kutoka kwenye ngazi akavunjika kifundo cha mkono, na daktari alituambia tushukuru kwamba alianguka, kwa sababu kuanguka ndiko kulikomwachanisha na umeme.

Nimeomba ruhusa kwa wenyewe nikisimulie kisa hiki. Sikiandiki ili kumlaumu mtu, maana kama kuna wa kulaumiwa basi wa kwanza ni mimi. Nakiandika kwa kuwa makosa tuliyoyafanya ni ya kawaida mno. Naamini hata sasa, katika nyumba nyingi, kuna mtu anayeyafanya akidhani ananunua balbu tu.

Nyumba yenyewe ni ya marehemu baba, iko Ngamiani mjini Tanga. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi pale: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Umeme uliingizwa zamani, tukiwa wadogo. Humo anaishi Mama, pamoja na dada yangu na mwanawe, ndiye mpwa wangu huyo. Kaka yangu mkubwa nami tunaishi mbali, lakini gharama za nyumba tunasaidiana.

Mwaka ule yuniti za umeme za LUKU zilikuwa zikiisha upesi kuliko tulivyozoea. Tulipokwenda kumsalimu Mama, kaka alihesabu taa: kumi, zote za kizamani, zile zenye uzi wa kuwaka ndani, za wati 60 kila moja. Zikiwaka saa tano kwa siku, taa kumi za namna hiyo hula yuniti 3. Taa za LED zenye mwanga uleule zingekula chini ya nusu yuniti. Hesabu ilikuwa wazi, na hadi leo nasema uamuzi wa kubadilisha ulikuwa mzuri. Tulikosea katika namna tulivyochagua, na katika namna tulivyonyamaza baada ya hapo.

Tuliingia duka la vifaa vya umeme saa za jioni, tukiwa na haraka. Tuliuliza mambo mawili tu: bei na wati. Muuzaji, kijana mpole, alituuliza swali moja ambalo nalikumbuka vizuri.

“Zinakwenda kukaa wapi, kaka zangu? Holda ya wazi, au ndani ya kibakuli?”

Kaka alimjibu, “Zote ni za pini tu, kijana wetu. Tupe kumi.”

Hilo halikuwa jibu la swali lake. Yeye aliuliza juu ya mahali, sisi tukajibu juu ya kitako cha balbu. Tulidhani balbu ikiingia kwenye holda basi imefaa. Tukachukua za wati 15 zote kumi, kwa kuwa ziliuzwa kwa bei nafuu na kwa kuwa tulifikiri wati zikizidi ndiyo uimara wenyewe. Nne kati ya hizo zilikwenda kwenye vibakuli vya kioo vilivyofungwa pande zote: mbili ukumbini na mbili barazani. Muuzaji alikuwa ametushika mkono kutuonyesha njia, nasi tukauchomoa mkono wetu.

Hiyo ndiyo dalili ya kwanza tuliyoipuuza. Mtu anayejua kazi yake akikuuliza swali usilolielewa, usimjibu kwa kubahatisha. Muulize naye: “Kwa nini unauliza hivyo?” Dakika mbili za kuuliza zingetuepusha na mengi.

Dalili ya pili ilikuwa lile jicho la Mama. Lilianza usiku uleule wa kwanza, kwenye taa za ukumbini na za barazani tu. Za vyumbani zilizimika sawasawa. Hebu fikiri: taa kumi za aina moja, kutoka boksi moja, sita zinalala na nne hazilali. Kama tatizo lingekuwa ni umbile la taa, zingefanya hivyo zote. Mtu yeyote angeweza kuuona mgawanyo huo, na Mama aliuona. Alinitajia hata taa ni zipi. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi niliambiwa na bado sikutazama.

Dalili ya tatu ilikuja mwezi wa pili. Taa moja ya barazani ilianza kupepesa, kisha ikafa. Dada akanunua nyingine. Ikafuata ya ukumbini, kisha ya pili ya barazani. Kufikia mwezi wa sita walikuwa wamebadilisha balbu saba katika vibakuli vile vinne, wakati zile sita za vyumbani hazikuguswa hata moja. Boksi lilisema balbu itadumu saa 15,000. Kwa matumizi ya saa tano kwa siku hizo ni siku 3,000, yaani zaidi ya miaka minane. Zetu zilidumu miezi michache tu. Dada alipolalamika, kaka alisema ni feki, wanunue za aina nyingine. Wakanunua za aina nyingine, nazo zikafa vilevile.

Naomba tutue kidogo hapa. Balbu ikifa mapema mara moja, huenda ni mbovu. Zikifa mapema mara tatu mahali palepale, acha kuitazama balbu, utazame mahali. Sisi tuliendelea kununua. Kila balbu iliyokufa ilimpandisha mpwa wangu kwenye ngazi mara nyingine, na ngazi ile ndiyo iliyokuwa ikimsogeza karibu na hatari tusiyoijua.

Dalili ya nne ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ilikuwa kubwa na mtoto aliisema. Siku moja, akifungua kibakuli cha ukumbini, mkono wake uligusa pete ya chuma inayokishika kioo. Akahisi kama kuchomwa na sindano. Alishuka, akamwambia mama yake. Mama yake akamwambia avae kandambili akipanda, labda ni unyevu. Kijana akavaa kandambili, akamaliza kazi. Aliponisimulia baadaye nilimuuliza kwa nini hakunipigia simu. Akasema, “Mjomba, swichi ilikuwa imezimwa. Nilidhani nimejidhania tu.”

Sikupata la kumjibu. Sote tumelelewa kuamini kwamba swichi ikizimwa umeme umekatika. Hata mimi niliamini hivyo.

Ajali yenyewe ilitokea msimu wa vuli, jioni ya mvua. Baraza ilikuwa imelowa. Taa ya barazani, iliyo mlangoni, ilikuwa imekufa tena, na wageni walitarajiwa. Mpwa wangu alizima swichi, akasimamisha ngazi ya aluminiamu, akapanda peku kwa sababu kandambili ziliteleza. Akafungua kibakuli, akaitoa balbu iliyokufa, akatia mpya. Haikushika. Akatazama ndani ya holda akaona kichuma kimoja kati ya viwili vyenye springi kimezama, hakirudi juu. Plastiki ilikuwa imebabuka kwa joto ikakibana. Basi akaingiza kidole akivute.

Bibi yake alisikia kishindo. Alimkuta sakafuni, macho wazi, hasemi. Alipata fahamu sawasawa baada ya muda mfupi, na maneno yake ya kwanza yalikuwa, “Bibi, nilizima.”

Kweli alikuwa amezima. Swichi ilikuwa imezimwa, kila mtu aliiona.

Kesho yake tulimleta fundi mzee, mtu mtaratibu ambaye amefanya kazi ya umeme tangu ujana wake. Hakugusa kitu kwa muda. Alimuuliza Mama maswali, na Mama akamweleza habari ya taa isiyolala. Fundi akatikisa kichwa akasema, “Mama, wewe ulikwisha kuniita zamani. Hawakukusikia tu.” Nilikuwa nimesimama pale nyuma yake.

Akachukua tesita, akaacha swichi ikiwa imezimwa, akagusa vichuma vya holda kimoja kimoja. Kimoja kiliwasha tesita. Akaniambia nitazame. Holda ilikuwa na umeme mzima, ingawa swichi ilikuwa imezimwa.

Akanieleza kwa upole, nami nitajaribu kueleza alivyonieleza. Umeme huja nyumbani kwa nyaya mbili: waya wa moto, na waya wa kurudia ambao mafundi huuita nyutro. Swichi inatakiwa ikae kwenye waya wa moto, ili ukiizima, moto usifike kwenye holda kabisa. Katika nyumba yetu, kwa taa nne zile, swichi ilikuwa imekaa kwenye nyutro. Ukizima, taa inazimika kwa kuwa njia ya kurudi imekatwa, lakini waya wa moto unabaki umefika hadi kwenye holda, unamsubiri atakayegusa.

Kosa lilitokea wapi? Fundi alipanda darini akarudi na jibu. Zamani nyumba zilitandikwa waya nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Siku hizi moto ni kahawia na nyutro ni buluu. Mwaka fulani mtu aliongeza taa za barazani na kuunga upya za ukumbini kwa waya za kisasa. Pale kwenye maungio aliunga nyeusi na kahawia, na nyekundu na buluu. Kuanzia hapo kwenda mbele kila kitu kilikuwa kimegeuka. Taa ziliwaka, swichi zilizima, mwenye nyumba akalipa, fundi akaenda zake. Tumeishi na kosa hilo juu ya vichwa vyetu kwa miaka.

Kwa nini halikuonekana muda wote huo? Kwa sababu balbu ya kizamani haikuweza kulionyesha. Uzi wake unahitaji umeme mwingi ndipo uwake. LED inatosheka na kidogo sana. Waya uliokatwa kwenye nyutro bado hupitisha chembe ya umeme kwa ujirani wake na nyaya nyingine na kuta, na chembe hiyo inatosha kuipa LED lile jicho. Taa mpya haikuleta hatari nyumbani kwetu. Hatari ilikuwapo, na taa mpya ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuitangaza.

Niseme pia, nisije nikawatia watu hofu bure: si kila taa yenye jicho ina kosa hili. Swichi zenye kitaa kidogo cha kuonyesha zilipo gizani hupitisha umeme kidogo, nazo huleta jicho lilelile. Nyaya ndefu zinazokwenda sambamba, kama za taa ya ngazini yenye swichi mbili, pia huweza kulileta hata zikiwa zimeungwa sawasawa. Hayo hayana hatari kubwa. Lakini wewe na mimi hatuwezi kutofautisha kwa kutazama. Anayeweza ni fundi mwenye tesita, na ni kazi ya dakika chache. Taa yako ikikataa kulala, mwite.

Likabaki swali la pili: kwa nini balbu zilikuwa zikifa? Hapo fundi alikishika kile kibakuli cha kioo. Balbu ya kizamani hutupa joto lake nje kama jua, likapita kwenye kioo. Balbu ya LED haifanyi hivyo. Joto lake hukaa shingoni, kwenye vifaa vidogo vinavyoubadilisha umeme ili uifae balbu, na hewa inayopita ndiyo inayolichukua. Ukiifungia ndani ya kibakuli kisicho na tundu, hewa ileile inazunguka na kupata moto. Miongoni mwa vifaa hivyo kuna kapasita, na kapasita za aina ile zina kawaida inayojulikana kwa mafundi: joto likipanda nyuzi kumi, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Sisi tulikuwa tumeweka wati 15 ndani ya kibakuli, Tanga, mahali ambapo hata usiku hewa ni ya moto. Tena kwa ukumbi mwembamba, wati 15 za LED zilikuwa mwanga wa kupita kiasi. Mama alikuwa akilalamika kwamba macho yanamuuma, na hilo nalo tulilipuuza.

Holda zenyewe zilikuwa zimechoka tangu enzi za balbu za kizamani. Plastiki yake ilikuwa imekauka na kupasuka, na gome la waya karibu na holda lilikuwa likimeguka kama ganda la karanga. Ndiyo maana pete ya chuma ilimchoma mpwa wangu kama sindano. Umeme ulikuwa umekwisha kuvuja.

Basi ona jinsi mambo mawili yalivyokutana. Kosa la waya lilikuwa limekaa kimya miaka mingi, na huenda lingekaa mingine mingi bila kumpata mtu. Kosa letu la kuchagua balbu ndilo lililomfanya kijana apande ngazi mara saba katika miezi sita, kuelekea holda yenye moto. Balbu isiyofaa peke yake ingetupotezea fedha tu. Ilipokutana na nyumba isiyokaguliwa, ilikaribia kututoa roho.

Sasa nieleze tulichojifunza, ili anayekwenda dukani wiki hii asirudie yetu.

Anza nyumbani, kabla hujaenda dukani. Tembea chumba kwa chumba ukaandike: holda ni ya pini au ya kuzungusha, kubwa au ndogo, taa iko wazi au imefungiwa, inapata mvua au mvuke, swichi yake ni ya kawaida au ni ile ya kupunguza na kuongeza mwanga. Ukifika dukani na karatasi hiyo, muuzaji mwema atakusaidia, na asiye mwema hatakuyumbisha. Kama huna hakika ya kitako, zima umeme kwenye meni swichi, toa balbu ya zamani uende nayo.

Kisha acha kununua mwanga kwa wati. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga hupimwa kwa lumeni, na boksi la maana huziandika. Balbu ya kizamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi, na LED ya wati 8 hadi 10 inazifikia. Ile ya wati 40 ilitoa lumeni 450 hivi, kazi ya LED ya wati 5 au 6. Ile ya wati 100 ilikaribia lumeni 1,500. Ukumbi na choo havihitaji mwanga wa mahali pa kusomea. Wati zikipungua, joto nalo linapungua, na balbu inaishi.

Tazama pia namba ya rangi. Kelvini 2,700 ni mwanga wa manjano uliotulia, kama wa balbu tulizokua nazo. Kelvini 4,000 ni mweupe wa wastani, unafaa jikoni. Kelvini 6,500 ni mweupe unaokaribia buluu, na ndio uliojaa madukani. Si mbaya, ila mzee au mgonjwa ukimwekea huo chumbani usiku, unamnyima utulivu.

Kama taa imefungiwa ndani ya kibakuli, tafuta maneno kwenye boksi yanayoruhusu balbu hiyo kukaa mahali palipofungwa. Maboksi mengi hukataza waziwazi, kwa maandishi madogo au kwa mchoro uliokatwa mstari. Usipoyaona maneno ya ruhusa, chukulia kuwa haijaruhusiwa. Njia nyingine ni kubadilisha kibakuli chenyewe uweke kilicho wazi.

Kwa baraza na bafuni, uliza namba ya kinga inayoanza na herufi IP. Tarakimu ya kwanza ni kinga ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP44 inastahimili matone ya kurushwa, IP65 inastahimili hata maji ya mpira. Namba hiyo ni ya taa nzima pamoja na kifuniko chake. Balbu ya kawaida ukiitundika kwenye holda tupu barazani, mvua ya kwanza ya upepo itakuonyesha.

Swichi ya kupunguza mwanga inataka balbu iliyoandikwa kwamba inakubali kupunguzwa. Isiyokubali itapepesa, italia kama nyuki, kisha itakufa. Na hata inayokubali huweza kugombana na swichi ya zamani iliyotengenezwa kwa mizigo mikubwa ya balbu za uzi.

Wenye taa ndefu za tyubu wawe waangalifu zaidi. Tyubu ya LED inalingana urefu na ile ya zamani, futi mbili au futi nne, kwa hiyo mtu hudhani atachomoa na kuchomeka tu. Ndani ya fremu ya taa ya zamani kuna choki na staata. Tyubu nyingine za LED zinavumilia choki, nyingine zinataka iondolewe kabisa. Nyingine hupokea umeme upande mmoja, nyingine pande zote mbili. Ukichanganya, unaweza kusababisha shoti, au ncha moja ya tyubu ikawa na moto mkononi mwako wakati nyingine imekwisha kuingia. Mchoro umo ndani ya boksi. Usipoweza kuusoma, mpe fundi.

Nunua penye risiti na waranti, na utazame alama ya shirika la viwango: TBS kwa Tanzania, KEBS kwa Kenya. Alama peke yake haitoshi, maana balbu nzuri mahali pabaya ni balbu mbaya, lakini ni pa kuanzia. Na fundi umwite mwenye leseni. Tanzania leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA, na Kenya hutolewa na EPRA. Usione haya kumwomba akuonyeshe. Fundi wa kweli haoni kwamba amedharauliwa.

Juu ya yote hayo kuna jambo moja ambalo lingeokoa mkono wa mpwa wangu hata kama mengine yote tungeyakosea. Usibadilishe balbu kwa kuamini swichi ya ukutani. Nenda kwenye meni swichi, kata umeme wa nyumba, mjulishe kila aliyemo ndani, ndipo upande. Vaa viatu vikavu, tumia ngazi ya mbao ukiipata, na usiingize kidole ndani ya holda hata kama una hakika. Na akipigwa mtu, usimshike kwa mikono: kata umeme kwanza, au mtenganishe kwa kitu kikavu kama mti au kiti cha plastiki. Kama nyumba yako haina kile kifaa kwenye meni kinachokata umeme mara unapovuja, waulize mafundi gharama yake. Cha nyumbani hukata uvujaji ukifika miliampea 30. Sisi hatukuwa nacho. Leo tunacho.

Kwetu, fundi alirekebisha maungio yale, akabadilisha holda nne na kipande cha waya uliokauka. Barazani aliweka taa nzima isiyopitisha maji, ukumbini balbu za wati 5 zinazoruhusiwa kukaa ndani ya kibakuli. Usiku ule Mama alizima swichi mwenyewe, akasimama gizani akiitazama taa kwa muda mrefu. Haikuwa na jicho. Akaenda kulala bila kusema kitu, na mimi nikabaki ukumbini nikiwaza habari ya ile simu.

Nisijifanye kwamba nimekwisha kupona haraka yangu. Mwezi uliopita, kwangu mwenyewe, taa ya jikoni iliungua wakati wa kupika. Nilikuwa nimekwisha kuvuta kiti, nimezima swichi ya ukutani, na balbu mpya nimeishika mkononi. Mguu mmoja ulikuwa juu ya kiti. Nikakumbuka sauti ya kijana yule: “Bibi, nilizima.” Nikaushusha mguu, nikaenda kwenye meni swichi. Nyumba nzima ikawa giza, watoto wakalalamika, chakula kikangoja. Kiache kingoje.